Bwawa la turubai la msimu: faida yako imo chini ya turubai

Mfanyabiashara anayekwenda dukani kununua turubai la bwawa la samaki huuliza maswali mawili: bei gani, na ukubwa gani. Swali la tatu, ambalo ndilo linaloamua kama atapata faida au hasara, mara nyingi haliulizwi: turubai hilo litalazwa juu ya nini? Ukurasa huu unalijibu swali hilo kwa ajili ya wawekezaji wadogo wadogo wa delta ya Rufiji, hasa wa Mbwera na vijiji vya jirani wilayani Kibiti, ambako ardhi yenyewe ina tabia zake.

Bwawa tunalolizungumzia halichimbwi. Ni ukuta wa duara wa wavu wa chuma au nguzo, uliosimamishwa juu ya ardhi na kuvikwa turubai ndani. Katika nchi za baridi mabwawa ya aina hiyo hununuliwa na familia kwa ajili ya kuogelea wakati wa joto, kisha hukunjwa na kuwekwa stoo. Huku kwetu yamepata kazi nyingine, yaani kufugia perege na kambale. Hufungwa masika yakiisha na hufunguliwa kabla ya masika mengine. Kazi ni tofauti, lakini kinachoyaua ni kilekile: ardhi mbaya chini na kiraka kibaya juu.

KWA NINI JUU YA ARDHI

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya ufukwe wa Afrika Mashariki. Mtu mwenye mtaji akiona maji hayo yote hufikiria kuchimba. Mwaka 1997 kampuni ya African Fishing Company ilikuwa na mpango wa kufuga kamba katika eneo la karibu hekta 19,000 za delta. Wanavijiji na watetezi wa mazingira waliupinga, suala likafika mahakamani, na mashamba hayo hayakujengwa. Ulikuwa mradi mkubwa sana kwa kipimo chochote, lakini umemwachia mfanyabiashara mdogo mambo mawili ya kuzingatia.

La kwanza ni la kisheria. Mikoko ni msitu wa hifadhi, hivyo kukata mikoko au kusafisha eneo lake kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Hata boriti za kusimamishia ukuta zinaingia katika hesabu hiyo. Nguzo za mkorosho mkavu, mwanzi au mti wa kupandwa zinakuepusha na maelezo mengi.

La pili ni la udongo. Tope la mikoko lina salfa. Likiwa chini ya maji halina neno, lakini likichimbwa na kupigwa na hewa salfa hiyo hugeuka asidi, na maji yanayokaa humo huchachuka kiasi cha kuua samaki. Kwa hiyo bwawa la juu ya ardhi si anasa ya mtu asiyetaka kushika jembe. Ni njia ya kutenganisha maji yako na udongo usiokufaa, na pia ni njia ya kuhama: ukiona mahali hapafai, unakunja na kwenda pengine.

UZITO USIOONEKANA

Tuchukue bwawa la kawaida la mfugaji mdogo: kipenyo mita 4, ukuta mita 1.2, maji yakiwa kina cha mita 1. Bwawa hilo linabeba lita 12,500 hivi, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni tani 12 na nusu, sawa na magunia 125 ya mchele ya kilo 100 kila moja, yamepangwa mahali penye ukubwa wa chumba kimoja cha kulala.

Uzito huo haulali kimya. Kila eneo la sentimita 10 kwa 10, yaani ukubwa wa kiganja, linakandamizwa na kilo 10. Kama chini ya kiganja hicho kuna kisiki cha mzizi, kigae au kombe la chaza, kilo hizo zote zinalisukuma turubai juu ya ncha moja, mchana na usiku, kwa miezi sita. Turubai halitoboki siku ya kwanza. Linatoboka mwezi wa tatu, samaki wakiwa wameshakula nusu ya chakula ulichowanunulia na bado hawajafikia uzito wa kuuzwa. Ndiyo maana hasara yake huuma.

Ukuta nao una mzigo wake. Kwa kina cha mita 1, maji yanausukuma nje kwa kilo 500 kwa kila mita ya mzunguko. Katika duara msukumo huo unagawanyika sawasawa, na jumla ya nguvu inayotaka kuufungua wavu pale ulipounganishwa ni karibu tani 1. Katika bwawa la pembe nne haigawanyiki hivyo: katikati ya kila upande hutuna, na kona hufunguka. Mwenye mtaji mdogo na ajenge duara.

Sasa tuseme ardhi imeinama kwa sentimita 10 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Maji hayainami. Upande wa bondeni yatakuwa na kina cha sentimita 105 na upande wa mlimani sentimita 95. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini msukumo upande wa bondeni unafika kilo 550 kwa mita na ule wa mlimani unashuka hadi kilo 450. Ukuta unaanza kuegemea bondeni, na ukiegemea maji yanaufuata. Bwawa lililopasuka kwa kawaida limepasukia upande wa bondeni.

MAHALI PA KUWEKA

Kabla ya kununua kitu chochote tembelea mahali ulipopakusudia wakati wa bamvua. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Weka kigingi maji yalipofikia, kisha panda juu zaidi. Mtu aliyepima wakati wa maji mafu amejidanganya.

Baada ya hapo waulize wazee maji ya mto yalifika wapi. Delta imeyaona mafuriko ya 1974, mvua za El Niño za 1997 na 1998, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti. Siku chache baadaye, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu kisiwani Mafia, ng'ambo ya delta. Bwawa la msimu linapaswa kuwa limekunjwa katika miezi hiyo. Hata hivyo masika hayasomi kalenda, na mwaka mwingine huanza mapema.

Mafuriko yana hasara nyingine inayosahaulika. Rufiji ina perege wake wa asili, Oreochromis urolepis, anayevumilia maji ya chumvichumvi kuliko wengi. Ukifuga sato wa kutoka nje na mafuriko yakawachukua, watachanganyika na perege wa mto. Muulize ofisa uvuvi wa wilaya kabla ya kuagiza vifaranga.

Usiweke bwawa chini ya mnazi. Nazi moja inayoanguka, au kuti kavu lenye shina, inatosha kulitoboa turubai. Kivuli ni kizuri, ila kijenge kwa makuti juu ya nguzo zako mwenyewe. Kaa mbali pia na kichuguu, kwa sababu mchwa hula kitu chochote cha mti au ukindu kilicho chini ya turubai na kuacha mapango ambayo maji yatayakandamiza. Matundu ya kaa ni ishara kwamba ardhi bado ni ya maji ya chumvi na ni laini kwa chini. Hapo si mahali pa kuweka tani 12.

KUTAYARISHA ARDHI

Kazi hii ni ya watu wawili kwa siku mbili au tatu, na vifaa vyake vipo kijijini: jembe, sepetu, chekecheke, kipande cha gogo la kushindilia, na mpira wa maji unaopitisha mwanga.

1. Piga kigingi katikati, funga kamba ya mita 2 na nusu, chora duara. Hiyo ni nusu mita zaidi ya ukuta kila upande, kwa sababu ukuta ukisimama ukingoni mwa eneo lililotengenezwa, mvua ya kwanza italila tuta hilo.

2. Ng'oa majani na mizizi yote, usiyafyeke tu. Ukoka uliokatwa huchipua tena, na chipukizi la ukoka lina ncha inayoweza kupenya turubai jembamba. Majani yaliyozikwa huoza, ardhi hubonyea.

3. Pima usawa kwa mpira wa maji kama wanavyofanya waashi. Jaza mpira maji, ondoa mapovu, shika ncha moja kwenye kigingi cha katikati na nyingine kwenye vigingi vya pembeni. Maji ya pande mbili husimama usawa mmoja. Tofauti kati ya upande mmoja na mwingine isizidi sentimita 2.

4. Chimba upande wa mlimani. Usijaze upande wa bondeni. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa kuliko zote, kwa kuwa kujaza ni rahisi. Udongo uliojazwa huzama chini ya uzito wa maji, ule wa asili hauzami, na bwawa ulilolipima likiwa sawa linainama baada ya wiki mbili. Kama ni lazima kujaza, jaza sentimita 5 kwa wakati, mwagia maji, shindilia, kisha ongeza tabaka lingine.

5. Mwagia maji eneo lote na shindilia kwa gogo. Kisha tembea peku, polepole, kwa mistari. Unyayo wako ni kipimo cha bei nafuu na cha kuaminika: kitu kitakachokuumiza wewe kitaliumiza turubai.

6. Tandaza mchanga wa mto uliochekechwa, unene wa sentimita 5. Mchanga wa pwani una vipande vya makombe. Kama hakuna mwingine, uchekeche mara mbili. Katikati acha kibonde kidogo cha kukusanyia uchafu na maji ya mwisho, bila kuharibu usawa wa ukingo.

7. Juu ya mchanga weka tabaka la kinga. Mkeka wa ukindu na jamvi vinafaa kwa msimu mmoja tu, kwa kuwa huoza na huita mchwa. Viroba vya mbolea au vya sukari vilivyofunguliwa na kupangwa viwili viwili vinadumu zaidi. Turubai kuukuu lililokwisha kuvuja ndilo bora kuliko yote, kwa hiyo usilitupe.

8. Zungusha mfereji wa upana wa jembe, nusu mita kutoka ukutani, uelekee bondeni. Maji ya mvua yakipita chini ya bwawa huchukua mchanga wako kidogo kidogo, na hakuna atakayeona mpaka turubai libonyee.

UKUTA NA TURUBAI

Wavu wa chuma uwe uliopakwa zinki. Hewa ya delta ina chumvi, na chuma kitupu hupata kutu katika msimu mmoja. Kutu hufanya kazi kama msasa kwenye mgongo wa turubai. Ncha zote za waya zikunjwe kuelekea nje. Ukingo wa juu na wa chini uvikwe mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu. Ndani ya wavu panga viroba kabla ya turubai.

Kwa bwawa la kipimo chetu turubai linahitaji mita 7 kwa 7: mita 4 za chini, mita 1.2 kila upande za kupanda ukuta, na sentimita 30 kila upande za kukunjia nje. Asiyeacha za kukunjia atalivuta, na turubai lililovutwa hukaa hewani kwenye pembe ya ukuta na chini. Hapo ndipo linapochanika. Turubai lilegee, likae juu ya mchanga kabla maji hayajalilazimisha. Muulize muuzaji mishono imefungwaje. Iliyochomelewa kwa joto ndiyo ya bwawa. Iliyoshonwa kwa uzi ina matundu ya sindano kwa kila hatua, na kila tundu ni mlango wa maji.

Usijaze kwa siku moja. Weka sentimita 10, ingia peku, nyoosha mikunjo kutoka katikati kwenda nje. Ongeza hadi sentimita 30, lala, rudi asubuhi upime kama maji yako usawa na ukingo pande zote. Kama hayako sawa, huu ndio wakati wa kumwaga na kutengeneza, kwa sababu umepoteza lita 3,800 tu. Mwenye kuona aibu ya kumwaga lita 3,800 huja kumwaga lita 12,500 na samaki ndani yake.

JE, LINAVUJA AU JUA LINAKULA?

Maji yakipungua si lazima pawe na tundu. Jua na upepo wa kusi hupunguza maji ya wazi kwa milimita kadhaa kila siku. Kupima ni rahisi. Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, isimamishe ndani ya bwawa juu ya jiwe laini lililowekewa kiroba chini, mdomo ukiwa nje ya maji. Weka alama ya maji ndani ya ndoo, na nyingine ya maji ya bwawa kwa nje. Rudi baada ya saa 24. Vyote vikipungua sawa, ni jua. Bwawa likipungua zaidi ya ndoo, tofauti hiyo ndiyo inayovuja.

Sentimita 1 ya bwawa letu ni lita 126, yaani zaidi ya ndoo 6 za lita 20. Anayenunua maji baridi kwa ndoo, au anayemlipa mtu kuyateka kisimani, azidishe bei hiyo kwa 6, kisha kwa siku 30. Wengi wakishafanya hesabu hiyo huacha kusema "linavuja kidogo tu".

Kulipata tundu kunataka subira. Acha maji yashuke yenyewe, huku samaki wako ukiwatazama. Yakisimama kwenye kimo fulani, tundu liko ukutani katika kimo hicho. Yasiposimama, liko chini. Zunguka nje alfajiri kabla ya jua: ardhi yenye unyevu, majani mabichi kuliko mengine na vyura waliokusanyika huonyesha upande. Ndani, chukua udongo wa mfinyanzi uliokorogwa, udondoshe polepole kwa mrija karibu na sakafu maji yakiwa yametulia. Uzi wa tope utavutwa kuelekea tundu.

KUZIBA

Kosa la kwanza ni kutojua unaziba nini. Kata kipande kidogo cha turubai, kisugue kikiwa ndani ya maji ili mapovu yatoke, kisha kiachie. Kikizama, ni turubai la lori, lenye mgongo wa plastiki aina ya PVC. Kikielea, ni jamii ya nailoni, yaani ile nyeusi ya wajenzi, ile nzito ya mabwawa, au turubai jepesi la bluu.

Linalozama linakubali gundi. Tafuta gundi ya PVC, si ile ya viraka vya baiskeli. Gundi ya baiskeli ilitengenezwa kwa mpira, na kwenye PVC hushika siku chache kisha huachia. Shusha maji chini ya tundu, osha ukungu na utelezi wote, kausha, piga msasa laini, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti. Kata kiraka cha turubai lilelile, cha duara, kipite tundu kwa sentimita 5 kila upande. Kona huanza kubanduka, duara halina kona. Paka pande zote mbili, subiri gundi ishike vidole bila kulowesha, bandika, na sukuma kwa chupa kutoka katikati kwenda nje. Weka mfuko wa mchanga juu yake kwa saa 24. Kiraka kikae upande wa maji, ili uzito wa maji ukikandamize badala ya kukisukuma kibanduke.

Linaloelea halishiki gundi ya kawaida hata ukimwaga kopo zima. Nailoni huungwa kwa joto: fundi mwenye mashine ya hewa ya moto, au utepe wa mpira wa butili wenye kunata wenyewe, uliobandikwa pande zote mbili pakiwa pakavu kabisa. Turubai la bluu ni kisa kingine. Likishaanza kutoa nyuzi kwa jua, linavuja kila mahali, na kiraka ni kupoteza pesa. Lihamishie chini liwe tabaka la kinga.

Lami ya paa iachwe kwenye paa. Hailingani na PVC, na si kitu cha kuwekea samaki. Gundi yoyote nayo ina dawa kali. Kiraka kikikauka osha, jaza kidogo, mwaga maji hayo, ndipo ujaze ya samaki.

Kama samaki wamo na tundu liko chini, pana njia ya kukuvusha hadi siku ya kuvua: kipande kipana cha turubai juu ya tundu, na juu yake mfuko wa mchanga usio na ncha. Maji yatalikandamiza lenyewe. Hiyo si tiba, ni kusogeza siku. Baada ya kuvua fungua hapo, toa turubai, na tazama chini, kwa sababu tundu la sakafuni halitokei lenyewe. Kuna kilichochoma. Anayeziba juu bila kukitoa kilichoko chini ataziba tena baada ya mwezi.

Tundu jingine hutokea siku ya mavuno. Kambale ana miiba miwili migumu kwenye mapezi ya kifuani, na akiburutwa kwenye wavu juu ya turubai huchana. Punguza maji, wateke kwa kimia cha mkono. Ama wale wanaouliza kama wanaweza kuhifadhi kaa koko humo wakisubiri bei: si kwa kuwaachia. Kucha zao ni sindano. Wakae kwenye matenga.

KUHIFADHI MASIKA

Turubai huharibika zaidi likiwa limekunjwa kuliko likiwa limejaa maji. Lioshe kwa maji baridi, likaushe kivulini, likunje kwa kuviringisha juu ya mti mnene badala ya kukunja pembe kwa pembe. Litundike darini mbali na panya. Warufiji wana ujuzi wa dungu, kibanda cha juu ya nguzo shambani kinachomweka mlinzi wa mpunga juu ya wanyama na maji. Ujuzi huo unafaa kwa stoo pia. Kifaa kilichobaki chini mwezi wa Aprili kimeachwa kwa mto.

HESABU YA UCHAKAVU

Tarakimu zifuatazo ni za mfano, si bei za soko. Kila msomaji aweke zake.

Tuseme turubai, wavu na nguzo vimegharimu Sh. 900,000/=. Vifaranga, chakula na maji vya msimu ni Sh. 700,000/=. Mavuno ni kilo 200 zilizouzwa Sh. 6,000/= kila kilo, yaani Sh. 1,200,000/=. Kabla ya kuhesabu vifaa, inabaki Sh. 500,000/=.

Mfanyabiashara wa kwanza hakutayarisha ardhi. Vifaa vyake vimekufa msimu mmoja, nao umebeba Sh. 900,000/= zote. Amepata hasara ya Sh. 400,000/=, na hapo tunachukulia kwamba samaki wote walifika sokoni.

Wa pili alitumia Sh. 90,000/= kutayarisha ardhi mwanzoni, na Sh. 30,000/= za viraka na marekebisho katika kila msimu wa misimu mitatu iliyofuata. Jumla ni Sh. 1,080,000/= kwa misimu minne, yaani Sh. 270,000/= kwa msimu. Faida yake ni Sh. 230,000/= kila msimu. Wote wawili walinunua duka moja, kwa bei moja, na waliuza soko moja.

SOKO LAKE

Tusidanganyane: mtu wa Mbwera anayefuga samaki anashindana na mto na bahari. Msimu wa kaskazi, bahari ikitulia, samaki wa kuvuliwa ni wengi na bei ya kijijini hushuka. Faida ya bwawa haiko katika bei ya kijijini. Iko katika samaki aliye hai. Barafu hufika delta kwa chombo, na chombo husubiri maji yajae. Kila saa ya kusubiri barafu inayeyuka. Kambale hupumua hewa, hivyo husafiri hai ndani ya pipa lenye maji kidogo, na mwenye bwawa anavua siku aliyoafikiana na mnunuzi wa Kibiti, Bungu au Ikwiriri. Hauzi kwa kulazimishwa na samaki anayeharibika.

Lakini uwezo huo wa kusubiri bei unadumu kadiri bwawa linavyoshika maji. Siku linapovuja wewe ndiye unayeharakishwa, na mnunuzi anajua. Kwa hiyo anayepanga mtaji wa msimu ujao aanze na sepetu na mpira wa maji, amalize ardhi, aitembelee peku, ndipo aende dukani kuuliza bei ya turubai.